Zizi la mwili: Jinsi kinga inavyokulinda na maradhi

Na Daktari Wetu

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Nino ziliikumba nchi yetu. Sehemu za Garissa ambazo kwa kawaida huwa kavu zilifurika maji, barabara zikakatika na mbu wakazaana kwa wingi. Muda si muda kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba na kufa. Kisha watu nao wakaugua. Walishikwa na homa kali, maumivu ya kichwa na ya viungo, na baadhi yao wakatokwa na damu. Mwezi wa Desemba mwaka huo vifo 170 vilivyohusishwa na homa ya kuvuja damu viliripotiwa katika iliyokuwa wilaya ya Garissa. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba adui alikuwa virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha mapema katika miaka ya 1930.

Msiba ule unakumbukwa hadi leo. Lakini kuna upande mmoja wa habari hiyo ambao hausimuliwi sana. Wataalamu waliwapima damu watu 171 wilayani humo, na 31 kati yao walikutwa na alama kwamba miili yao ilikuwa imepambana na virusi hivyo siku za karibuni. Kutokana na uchunguzi huo walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 wa wilaya ya Garissa waliambukizwa.

Hebu tafakari, msomaji. Ikiwa walioambukizwa walikuwa wengi kiasi hicho, maana yake ni kwamba walio wengi walipona. Walipona vipi, ilhali hakukuwa na dawa maalumu ya kuua virusi hivyo na njia za kufika hospitalini zilikuwa zimekatwa na maji? Jibu ni kwamba walitibiwa na kinga ya miili yao wenyewe.

Leo tuiangalie kinga hiyo: imejengwa vipi, inafanyaje kazi na ni nini huidhoofisha. Ukiielewa, utaelewa pia kwa nini sisi madaktari hatuchoki kuhubiri usafi, lishe na chanjo.

Ua wa miiba

Mfugaji yeyote wa Garissa, Wajir au Mandera anajua kwamba mifugo hailali bila ua. Jioni ikifika, matawi ya miiba huvutwa kufunga lango la zizi, na fisi akija hukuta njia imezibwa.

Mwili nao umejengewa ua wake, yaani ngozi. Ngozi nzima isiyo na mkwaruzo haipenywi na vijidudu vingi. Pale ambapo ngozi haifiki, upo ulinzi mwingine. Machozi huosha macho na yana kemikali inayoua bakteria. Kamasi hunasa vumbi na viini puani. Vinyweleo vidogo mno katika njia ya hewa husukuma uchafu juu ili tuukohoe. Asidi kali iliyo tumboni huua vijidudu vingi tunavyomeza pamoja na chakula na maji.

Ndiyo maana kidonda kidogo si jambo la kupuuza. Kidonda ni pengo katika ua. Viini vya pepopunda, mathalani, huishi udongoni na katika kinyesi cha mifugo, na mwiba mmoja uliochoma mguu unatosha kuviingiza mwilini. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, ukifunge kwa kitambaa safi. Usikipake majivu wala samadi.

Homa ya Bonde la Ufa ilitufunza jambo hilo hilo. Wataalamu waliona kwamba walioambukizwa zaidi ni watu waliogusa damu na majimaji ya kondoo, pamoja na wale waliolaza mifugo ndani ya nyumba zao. Damu ya mnyama mgonjwa ikigusa mkwaruzo mkononi, virusi hupata mlango.

Walinzi wa zamu

Tuseme sasa fisi amepata pengo na kuingia. Ndani ya zizi atakutana na walinzi. Walinzi wa mwili ni chembechembe nyeupe za damu, ambazo hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Tone moja la damu yako lina maelfu mengi ya chembechembe hizo, nazo huzunguka mwili mzima mchana na usiku.

Je, humjuaje adui? Humjua kwa chapa. Kama vile ngamia wanavyopigwa chapa ya mwenyewe ili wasichanganywe na wa jirani, ndivyo kila seli ya mwili wako ilivyo na alama inayosema, "Huyu ni wa hapa." Bakteria au virusi huja na alama ngeni. Walinzi wa kwanza wakiigundua, hawaulizi maswali. Humvamia mgeni, wakammeza na kumsaga.

Kazi hiyo unaiona kwa macho yako. Ukichomwa na mwiba, mahali pale huwa pekundu, huvimba na kupata joto. Sababu ni kwamba mishipa midogo ya damu imepanuka ili walinzi wengi zaidi wafike haraka. Usaha unaotoka baadaye ni mizoga ya walinzi pamoja na ya maadui waliouawa.

Homa nayo ni sehemu ya vita hivyo. Walinzi hutuma ujumbe kwenye ubongo, nao ubongo hupandisha joto la mwili. Katika joto hilo vijidudu vingi huzaana polepole, ilhali walinzi hufanya kazi kwa kasi. Kwa hivyo homa ni ishara kwamba vita vimeanza. Lakini tahadhari! Ishara hiyo haikuambii adui ni nani wala kama mwili unashinda. Inaweza kuwa mafua, na inaweza kuwa malaria au homa ya uti wa mgongo. Mtoto mwenye homa apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Msoma nyayo

Walinzi wa zamu ni hodari, lakini wana upungufu mmoja. Humshambulia kila mgeni kwa njia ile ile, na hawakumbuki aliyekuja jana. Adui mwenye nguvu anaweza kuwashinda. Hapo ndipo anapoitwa msoma nyayo.

Katika kaskazini mashariki wapo watu ambao wakitazama mchanga asubuhi hukuambia ni mnyama gani amepita, lini na akielekea wapi. Mwili una chembechembe za aina hiyo, ziitwazo limfosaiti. Kila limfosaiti hutambua alama ya adui mmoja tu, na mwili una mamilioni kwa mamilioni ya chembechembe hizi, kila moja na alama yake. Alama ya adui aliyeingia ikipatana na ile inayojulikana na limfosaiti fulani, limfosaiti hiyo huanza kujizalisha, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, hadi likapatikana jeshi zima. Kazi hii hufanyika sana katika tezi za shingoni, kwapani na kinenani. Ndiyo sababu tezi hizo huvimba unapougua.

Limfosaiti zimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili. Hizi hugandamana na adui zikamzuia asiingie katika seli zako, na pia humtia alama ili walinzi wengine wamwone upesi. Kundi la pili huzitafuta seli za mwili ambazo tayari zimeingiliwa na virusi na kuziua, na baadhi yake huongoza vita vyote kama jemadari.

Jeshi hili huchukua muda kukusanyika, aghalabu wiki moja hadi mbili kwa adui ambaye mwili haujawahi kumwona. Wakati huo wote adui naye anazaana. Ni mashindano ya mbio, na maisha ya mgonjwa hutegemea nani atafika kwanza.

Vita vikiisha, wasoma nyayo wengi hufa, lakini wachache hubaki kwa miaka mingi. Hawa ndio kumbukumbu ya mwili. Adui yule yule akirudi hahitaji kusubiriwa wiki mbili. Jeshi huwa tayari katika siku chache, na mara nyingi mtu hata hajui kwamba alishambuliwa. Hii ndiyo sababu mtu akiugua ukambi akapona, haugui tena.

Hata ile alama iliyotafutwa katika damu ya watu wa Garissa ilikuwa kingamwili. Kuna aina moja ambayo hutokea mapema na kutoweka baada ya wiki au miezi michache, na nyingine ambayo hudumu miaka. Aina ya kwanza ikionekana, daktari hujua kwamba vita vilipiganwa hivi karibuni.

Nyayo bila fisi

Kujifunza kwa kuugua kuna gharama kubwa. Mtoto anaweza kupona ukambi akabaki kipofu, au akapona polio akabaki na mguu uliopooza. Wengine hawaponi kabisa. Je, haiwezekani kumfundisha msoma nyayo bila kumleta fisi zizini?

Inawezekana, na hiyo ndiyo maana ya chanjo. Ndani ya chanjo kuna kijidudu kilichouawa, au kilichodhoofishwa, au kipande chake tu. Mwili huiona ile alama, hukusanya jeshi na kuweka kumbukumbu. Homa ndogo au maumivu ya mkono baada ya sindano ni dalili kwamba somo linaendelea.

Elimu hii ilianza kupata nguvu mwaka 1796, wakati daktari Mwingereza Edward Jenner alipoonyesha kwamba ndui ya ng'ombe, ambayo ni hafifu, humkinga mtu na ndui kali. Mwisho wa ndui ulitokea karibu nasi sana. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa kijana aliyeikwepa chanjo. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Miaka mingi baadaye Maalin alijiunga na kampeni ya polio, akiwaeleza wazazi yaliyompata ili wasiwanyime watoto wao chanjo. Alifariki kwa malaria mwezi wa Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo hiyo.

Na polio haijaturuhusu kulala. Kenya ilikuwa haijaona virusi vyake tangu 1984, hadi Oktoba 2006 vilipogunduliwa kwa mtoto wa miaka mitatu katika kambi ya Hagadera, Dadaab. Mwaka 2013 vilirudi tena vikitokea Somalia na kuwashika watu 14 nchini Kenya, wakiwemo watoto wa Dadaab. Mwaka 2023 Garissa ilipata polio ya namna nyingine. Hiyo hutokana na virusi dhaifu vya matone ya chanjo, ambavyo vikizunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa hubadilika na kupata tena nguvu za kupooza. Wengine hulichukua jambo hilo kuwa sababu ya kukataa matone. La hasha! Virusi hivyo hupata nafasi mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Watoto wote wakichanjwa havina pa kuzungukia.

Akina mama huniuliza mara nyingi, "Daktari, mtoto wangu ni mzima, mbona nimdunge sindano?" Jibu langu ni kwamba wakati wa uzima ndio wakati wa kufundishwa. Fisi akishaingia zizini, darasa limechelewa. Aidha, chanjo ya mtoto mmoja huwalinda na wengine. Ukambi huambukiza kwa urahisi mno kiasi kwamba, ili kuuzuia usienee, inatakiwa watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamekingwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maadui wajanja

Si kila adui hushambulia waziwazi. Bakteria wa brusela, wanaopatikana katika maziwa mabichi ya ngamia, ng'ombe na mbuzi wenye ugonjwa huo, humezwa na walinzi wa zamu kama bakteria wengine. Lakini hawafi. Huishi na kuzaana ndani ya mlinzi yule yule aliyewameza. Ndiyo maana mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa wiki au miezi, na hulazimika kumeza dawa kwa majuma kadhaa. Kuchemsha maziwa humaliza adui huyu kabla hajafika.

Virusi vya Ukimwi navyo humlenga jemadari mwenyewe, yaani zile limfosaiti zinazoongoza vita. Jemadari akianguka, hata adui dhaifu hushinda, na kifua kikuu hupata nafasi. Leo zipo dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo, na mtu anayezimeza kila siku anaweza kuwa na kinga nzuri kwa miaka mingi. Usiogope kupimwa.

Adui wa tatu hudhaniwa kuwa mdogo. Ni ukambi. Wazee wengi huuona kama ugonjwa wa kawaida wa utotoni. Lakini virusi vya ukambi huziua seli za kumbukumbu. Katika uchunguzi wa watoto 77 wasiochanjwa nchini Uholanzi, uliotangazwa mwaka 2019, ilionekana kwamba baada ya ukambi watoto walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Ni kama msoma nyayo aliyepigwa kichwani akasahau kila alichojua. Mtoto aliyepona ukambi huweza kuja kufa miezi kadhaa baadaye kwa nimonia au kuhara, na jamaa wasijue kwamba chanzo kilikuwa ukambi.

Mlinzi mwenye njaa

Jeshi halipigani na njaa. Chembechembe za kinga na silaha zake hutengenezwa kwa chakula, hasa protini, madini na vitamini. Mtoto mwenye utapiamlo huwa na ngozi dhaifu, utumbo unaopenyeka na limfosaiti chache. Akiugua, hamu ya chakula humwisha na utapiamlo huzidi. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkali na njaa nchini Somalia, maelfu ya familia zilikimbilia Dadaab, na ukambi ukaenea miongoni mwao. Njaa na ukambi huenda pamoja.

Chakula cha kwanza cha kinga ni dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo. Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, kisha wakampa mtoto maji ya sukari. Lakini dang'a imejaa kingamwili za mama. Mfugaji hujitahidi ndama anyonye dang'a mara tu azaliwapo. Mtoto wake anastahili vivyo hivyo. Mnyonyeshe katika saa ya kwanza, na umpe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila hata maji.

Baada ya hapo, pamoja na kuendelea kunyonya, mpe uji ulioongezwa maziwa yaliyochemshwa, mayai, maini, maharagwe na mboga za majani. Maembe na mapapai yanayokuzwa kandokando ya Mto Tana yana vitamini A, ambayo huimarisha ule ua wa mwili pamoja na walinzi wake.

Mambo ya kufanya

Kwanza, fuata ratiba ya chanjo. Mtoto huchanjwa kifua kikuu na polio anapozaliwa. Hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kisha hupata chanjo ya ukambi katika miezi 9 na tena katika miezi 18. Inasubiriwa hadi miezi 9 kwa sababu kabla ya hapo kingamwili alizorithi kwa mama huweza kuizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Sindano ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa sana, na bila hiyo baadhi ya watoto hubaki bila kinga kamili. Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita, tangu mtoto afikishe miezi sita hadi miaka mitano.

Pili, ikiwa familia inahama kufuata malisho, kadi ya kliniki ihame nayo. Kituo chochote cha afya kinaweza kuendelea pale ulipoachia, na chanjo hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Ukikosa tarehe kwa sababu ya safari, usione haya kurudi. Chanjo zilizotangulia hazipotei wala hazianzwi upya.

Tatu, mama mjamzito achanjwe pepopunda. Kingamwili zake humpitia mtoto tumboni na kumlinda akizaliwa.

Nne, mvua kubwa zikija, usichinje mnyama mgonjwa wala kugusa kwa mikono mitupu mimba iliyotupwa. Lala ndani ya neti na umwarifu afisa wa mifugo. Mifugo ichanjwe kabla ya mvua, kwa sababu ugonjwa ukishaanza sindano yenyewe huweza kuusambaza.

Tano, usidai dawa za kuua bakteria kwa kila homa. Dawa hizo haziui virusi, na zikitumiwa ovyo bakteria huzizoea.

Walioambukizwa Garissa mwaka ule walitegemea bahati na nguvu za miili yao, kwa maana binadamu hawana hadi sasa chanjo ya homa ya Bonde la Ufa ya kutumiwa na umma. Kwa ukambi, polio, pepopunda na kifaduro hatuna haja ya kutegemea bahati. Leo jioni itoe kadi ya mtoto mahali ulipoiweka, uisome mstari kwa mstari. Ukiona nafasi tupu ambayo tarehe yake imepita, kesho asubuhi mpeleke kliniki.